Saa Zilizokatwa: Nani Alilipia Kafyu ya 2020?

Tunapohesabu hasara ya korona katika ajira, macho hukimbilia kwa waliofutwa. Hao wanahesabika: wana barua mkononi, majina yao yameondolewa kwenye orodha ya mishahara, na takwimu zinawanasa. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kwamba mwaka 2020 ulimwengu ulipoteza asilimia 8.8 ya saa zote za kazi, sawa na ajira za kutwa milioni 255. Hata hivyo, takribani nusu ya saa hizo zilipotea kwa watu ambao bado waliitwa wafanyakazi. Ni wale walioambiwa waje siku tatu badala ya sita, waliopewa likizo wasiyoiomba, waliobaki na kitambulisho cha kampuni shingoni huku mshahara hautoshi hata kodi ya nyumba.

Kenya inafaa kuchunguzwa kwa suala hili. Haikufunga nchi nzima kama Rwanda na Uganda, wala haikuachia shughuli ziendelee kama Tanzania. Ilifuata njia ya katikati: kafyu ya usiku, vizuizi vya kaunti kadhaa, shule na baa kufungwa, ndege kusimama. Njia hiyo ilimaliza baadhi ya kazi kwa pigo moja, lakini nyingi zaidi ilizikata vipande. Swali ni hili: kile kipande kilichokatwa, nani alikilipia? Ukifuatilia fedha utaona kwamba mzigo uliteremshwa ngazi kwa ngazi, kutoka kwa serikali hadi kwa mwajiri, kutoka kwa mwajiri hadi kwa mfanyakazi, na kutoka kwa mfanyakazi hadi kwa mwenye nyumba, chama cha kuchangiana, ndugu wa ng'ambo na shamba la wazazi. Ule ustahimilivu wa Mkenya uliosifiwa sana majukwaani ulikuwa, kwa sehemu kubwa, bima iliyolipwa na waliokatiwa wenyewe.

Saa moja jioni

Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Machi 25 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, na Machi 27 kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 watu wakazuiwa kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Vizuizi vya mwisho vya kaunti viliondolewa Julai, lakini kafyu iliendelea, saa zake zikibadilishwa mara kwa mara, hadi Oktoba 20, 2021.

Kwa mtu wa ofisi, saa moja jioni ni wakati wa kuwa nyumbani. Kwa mama mboga wa Umoja au Kangemi ndio wakati wa mauzo. Sukuma wiki inanunuliwa na mtu anayeshuka matatu akielekea nyumbani, kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku. Muuza chipsi, mkaanga samaki, mchoma mahindi na kinyozi wa mtaani wote wanategemea saa hizo hizo. Kafyu ilipoanza saa moja, wateja walipita mbio ili wasikutane na polisi, na wauzaji wenyewe wakafunga saa kumi na moja ili wafike kwao salama. Siku ya kazi ilikuwa bado na saa nyingi, ila zile zenye pesa ndizo zilizoondolewa. Watu hawa hawana mwajiri wa kuwaandikia barua, kwa hiyo kupunguziwa saa kwao hakukuandikwa popote.

Matatu nayo yalikatwa kwa njia yake. Ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8. Mwenye gari aliendelea kutaka hesabu yake ya siku, nauli ikapanda, na dereva na kondakta wakagawana kilichosalia. Wengine waliamua kwenda kwa zamu, leo wewe kesho mimi. Hiyo nayo ni kupunguzwa saa, tena kwa makubaliano ya mdomo baina ya maskini wawili.

Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS) lilionyesha idadi ya watu wenye kazi ikishuka kutoka kama milioni 17.6 katika robo ya kwanza ya 2020 hadi milioni 15.9 katika robo ya pili. Watu zaidi ya milioni 1.7 walitoka kazini katika miezi mitatu, na kiwango cha ukosefu wa kazi kikapanda kutoka asilimia 5.2 hadi 10.4. Kufikia mwisho wa mwaka wengi walikuwa wamerudi kwenye shughuli fulani, na Ripoti ya Uchumi ya 2021 ikaweka kazi zilizopotea kwa mwaka mzima kuwa kama 737,500. Pengo kati ya tarakimu hizo linasomwa na wengine kama habari njema. Lakini mwalimu aliyekuwa akilipwa kila mwezi, ambaye sasa anauza mayai kando ya barabara, katika hesabu hiyo amerudi kazini.

Maua, hoteli na madarasa

Hali haikuwa moja katika kila sekta, na tofauti hizo zina funzo.

Naivasha ilipigwa mapema. Katikati ya mwezi Machi soko la mnada la Aalsmeer, Uholanzi, liliporomoka, na waridi waliokuwa wamekatwa tayari wakatupwa. Maelfu ya wafanyakazi wa mashamba, wengi wao wanawake, walipelekwa likizo au wakaanza kufanya kazi kwa zamu. Lakini Wazungu hawakuacha kununua maua kwa muda mrefu. Nusu ya pili ya mwaka oda zilikuwa zimerejea, na tatizo kubwa likawa nafasi kwenye ndege za mizigo. Hapa kugawana saa kulikuwa na maana: kazi ilikuwa imelala, nayo ikaamka.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Watalii kutoka nje walipungua kwa zaidi ya asilimia 70 mwaka huo. Hoteli za Diani, Malindi na Watamu zilifunga milango zikabakiza walinzi na watu wachache wa kutunza bustani. Mpishi au mhudumu aliyeambiwa aende likizo bila malipo "hadi hali itakapotengemaa" hakuwa na tarehe ya kurudi. Nyuma yake kulikuwa na mvuvi aliyekuwa akiuzia hoteli kamba, dereva wa teksi, mchonga vinyago na mwenye mashua ya vioo. Ahadi ya kurudishwa kazini iliwazuia wengine kutafuta kazi nyingine mapema, na kwa baadhi ahadi hiyo haikutimia.

Kisa cha tatu ni cha walimu. Shule zilifungwa Machi, zikafunguliwa nusu Oktoba 12 na kikamilifu Januari 4, 2021. Walimu zaidi ya laki tatu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) waliendelea kulipwa mishahara yao. Wenzao wa shule za binafsi, wenye vyeti kama vyao na waliofundisha mtaala huo huo, walikaa miezi tisa bila kitu kwa sababu wazazi hawalipi karo ya darasa lisilofunguliwa. Huko Mwea shule moja iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku. Janga lilikuwa moja na taaluma ilikuwa moja. Kilichowatenganisha ni nani aliyetia sahihi mkataba wa ajira.

Barua na sahihi

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 iko wazi kuhusu kupunguzwa kazini. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi mwenyewe kama hana chama, na kwa afisa wa leba. Lazima aeleze sababu, achague wa kuondoka kwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu, alipe siku za likizo ambazo hazijachukuliwa, na alipe fidia isiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa usafiri wa anga, ilisisitiza kwamba notisi hiyo si ya kupasha habari tu, inakusudiwa kutoa nafasi ya mashauriano.

Kuhusu kukatwa saa, sheria hiyo inasema kidogo sana. Likizo bila malipo haimo ndani yake. Kilichopo ni kifungu cha 10, kinachosema masharti ya mkataba yakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi. Aprili 2020 Wizara ya Leba, muungano wa vyama vya wafanyakazi COTU na shirikisho la waajiri FKE walitia sahihi mkataba wa maelewano wa kuhimiza mazungumzo kabla ya watu kufutwa. Nia ilikuwa njema, ila hati hiyo haikuwa na fedha ndani yake.

Kwa hiyo makato yalitegemea ubinadamu wa mwajiri na nguvu ya chama. Kenya Airways ilitangaza makato yaliyoanzia juu, mkurugenzi mkuu akiacha asilimia 80 ya mshahara wake, na wa chini wakikatwa kwa viwango vidogo zaidi. Huo ni mfano wa mpangilio ulioeleweka, hata kama baadaye shirika hilo lilipunguza watu pia. Kwingineko barua ilifika Ijumaa jioni kwa WhatsApp: kuanzia mwezi ujao mshahara ni nusu, ukikubali tia sahihi, usipokubali njoo tuzungumze. Kila mtu alielewa maana ya "tuzungumze".

Hapa pana jambo ambalo wengi hawakuliona hadi wameumia. Tuchukue mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 30,000 aliyetumikia miaka minane. Akipunguzwa kazini siku hiyo, fidia ya siku 15 kwa kila mwaka ni kama shilingi 120,000. Sasa tuseme amekubali kwanza kukatwa hadi shilingi 18,000, kwa barua isiyosema makato hayo ni ya muda, kisha baada ya miezi sita akapunguzwa. Mwajiri akipiga hesabu kwa mshahara mpya, fidia inakuwa 72,000. Sahihi moja imemgharimu shilingi 48,000 juu ya ile mishahara iliyokwisha kukatwa.

Ndiyo maana ushauri wa maafisa wa vyama vya wafanyakazi ulikuwa mfupi: usikatae nusu mshahara kwa hasira, lakini usitie sahihi barua isiyo na tarehe ya mwisho. Barua iseme makato yanaanza lini na yanakwisha lini, saa za kazi zimepungua kwa kiasi gani, michango ya bima ya afya (NHIF) na ya hifadhi ya jamii (NSSF) inaendelea vipi, na kwamba stahili za mwisho zitapigiwa hesabu kwa mshahara wa awali. Aliyekatwa nusu mshahara huku akifanya kazi kutwa hakugawana saa na mtu. Alishushwa mshahara, na hayo ni mambo mawili tofauti. Madai ya ajira yana muda wa miaka mitatu tu kufikishwa mahakamani, kwa hiyo aliyedhani atayashughulikia mambo yakitulia alijikuta ameshachelewa.

Kwingine nusu iliyokatwa ilikuwa na mlipaji

Kupunguza saa badala ya watu si wazo baya, na si la jana. Ujerumani imelitumia kwa miongo mingi. Mwajiri anapunguza saa, analipa zilizofanyika, na idara ya ajira inalipa asilimia 60 ya mshahara uliopotea, au 67 kwa mwenye watoto. Mwaka 2020 viwango hivyo viliongezwa kwa waliokaa muda mrefu. Aprili mwaka huo karibu watu milioni sita walikuwa ndani ya mpango huo. Uingereza ililipa asilimia 80 ya mishahara ya waliopumzishwa, kwa kikomo cha pauni 2,500 kwa mwezi.

Msomaji atasema hizo ni nchi tajiri, hazilingani na sisi. Basi tutazame bara letu. Afrika Kusini ina mfuko wa bima ya kukosa kazi ambao mfanyakazi huchangia asilimia moja ya mshahara na mwajiri asilimia moja. Nchi ilipofungwa Machi 27, 2020, mfuko huo ulianzisha malipo maalumu ya kati ya asilimia 38 na 60 ya mshahara, wa chini wakipata kiwango cha juu zaidi. Kulikuwa na ucheleweshaji na wizi, lakini kulikuwa na mahali pa kuanzia. Tanzania nayo, baada ya vuta nikuvute ndefu juu ya fao la kujitoa, iliingiza katika sheria zake za hifadhi ya jamii fao la kukosa ajira: mwanachama aliyechangia kwa miezi isiyopungua 18 anaweza kulipwa theluthi ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Ni kidogo, lakini kinatosha kumpa mtu nafasi ya kutafuta kazi bila kuuza godoro.

Kenya haikuwa na kitu cha namna hiyo. Mchango wa NSSF wakati huo ulikuwa shilingi 200 kwa mfanyakazi na 200 kwa mwajiri, tena ni wa uzeeni. Aliyekuwa na pensheni ya kampuni aliweza, baada ya kuondoka kazini, kuchukua michango yake na sehemu ya ile ya mwajiri. Wengi walifanya hivyo, na hiyo ina maana walilipia mwaka 2020 kwa fedha za miaka yao ya uzee. Aliyepelekwa likizo bila malipo hakuweza hata hilo, kwa sababu kisheria alikuwa bado kazini.

Msaada ulimfikia nani?

Serikali haikukaa kimya. Aprili 2020 kodi zilibadilishwa: VAT ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikashuka kutoka 30 hadi 25, na wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi wakasamehewa kodi yote. Benki Kuu iliagiza benki zizungumze na wadaiwa walioathirika, na kufikia mwisho wa mwaka zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki ilikuwa imepangwa upya. Kutuma pesa kwa M-Pesa hadi shilingi 1,000 kukawa bure.

Ukizipima hatua hizi kwa swali letu la nani alilipia, zinaonyesha sura zake halisi. Msamaha wa kodi kwa mtu wa shilingi 24,000 ulimpa kama shilingi 1,500 zaidi kwa mwezi, sharti awe bado anapokea hizo 24,000. Aliyekatwa hadi 12,000 alikuwa tayari halipi kodi yoyote ya maana. Mkurugenzi wa mshahara wa laki tano ambaye hakukatwa chochote alipata afueni kubwa kuliko wote. Kupanga mikopo upya kulimsaidia mwenye mkopo wa benki. Mwenye deni la duka, la mwenye nyumba au la simu hakuguswa. Msaada ulipitia kwenye hati ya mshahara, ilhali tatizo lilikuwa hati hiyo imepungua au haipo kabisa.

Kulikuwa na mipango miwili iliyowalenga wasio na hati. Kazi Mtaani ilianza mwishoni mwa Aprili katika vitongoji vya miji mikubwa, na awamu ya pili ikaandikisha vijana zaidi ya 270,000 wa kufagia, kuzibua mitaro na kufyeka, kwa shilingi 455 kwa siku, kwa zamu. Tunaweza kulalamikia kiwango na malipo yaliyochelewa, lakini huo ndio mpango pekee wa serikali uliogawa saa za kazi waziwazi na kuzilipia. Mpango wa pili ulikuwa wa kutuma shilingi 1,000 kwa wiki kwa familia za mitaa ya mabanda kupitia simu. Bomba la kupitisha pesa lilikuwepo, na ni bora kuliko la nchi nyingi tajiri. Orodha ndiyo iliyokosekana. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2021, ilieleza jinsi fedha hizo zilivyofikia sehemu ndogo tu ya familia za mitaa hiyo jijini Nairobi, na jinsi kujuana kulivyoamua nani aandikwe.

Halafu afueni zikaondolewa mapema kuliko janga lenyewe. Januari 1, 2021 VAT ilirudi asilimia 16, kodi ya mapato ikarudi 30, na M-Pesa ya bure ya hadi shilingi 1,000 ikakoma. Msamaha wa wale wa 24,000 ndio uliobaki. Machi 26 mwaka huo Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa tena, baa zikafungwa tena, na safari hii hapakuwa na kifurushi chochote cha kupooza makali. Mhudumu wa baa aliyekuwa ametumia akiba yake yote katika awamu ya kwanza aliingia ya pili mikono mitupu.

Hesabu ya jikoni

Kwa nini makato ya asilimia 40 yanauma kuliko asilimia 40? Tuchukue familia ya mtu anayepokea mkononi shilingi 28,000. Kodi ya nyumba ni 8,000 na mkopo wa SACCO ni 5,000. Hizo 13,000 hazijali kama kuna korona. Kabla ya makato anabaki na 15,000 za chakula, nauli, stima, maji na cha kumtumia mama nyumbani. Akikatwa asilimia 40 anapokea 16,800, na baada ya yale mawili ya lazima anabaki na 3,800. Fedha za kuishi zimepungua kwa karibu robo tatu. Nauli nayo imepanda, na watoto wanaokula chakula cha mchana shuleni sasa wanakula nyumbani.

Hatua za kujiokoa zilifuatana kwa mpangilio uliofanana karibu kila mahali. Kwanza ilikatwa ile pesa ya wazazi, kwa maneno "mama, mwezi huu nivumilie". Kisha nyama ikaondoka, maziwa yakapungua, milo mitatu ikawa miwili. Baada ya hapo simu ikaanza kukopa: Fuliza ya kununulia unga, M-Shwari ya kulipa Fuliza, kisha programu nyingine ya kulipa M-Shwari. Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wa mitandaoni wasiodhibitiwa ruhusa ya kupeleka majina ya wadaiwa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, lakini baadhi ya wakopeshaji walihamia kwenye kuwapigia simu jamaa na wakubwa wa kazi wa mdaiwa. Mwisho ikaja zamu ya mwenye nyumba. Wapo waliosamehe mwezi mmoja au miwili, wapo waliong'oa milango na mabati. Tukumbuke kwamba wenye nyumba wengi wa Nairobi walijenga kwa mkopo, au wanaishi kwa kodi hiyo hiyo. Nao walikuwa wakitafuta wa kumteremshia mzigo.

Chama cha kuchangiana kilistahili kuwa mwokozi, na hapo ndipo kikomo chake kilipoonekana. Chama cha kupeana zamu hufanya kazi vizuri mwanachama mmoja anapofiwa au kuugua, kwa sababu wengine wako sawa. Wote wanapokatwa mwezi mmoja, hakuna wa kumbeba mwenzake. Vyama vingi vilisimamisha michango, na aliyekuwa hajafikiwa na zamu yake akangoja. SACCO nayo haikutoa akiba kwa mwanachama bila yeye kujiondoa, na anayejiondoa hupoteza njia ya kukopa kesho. Kurudi ushago, kimbilio la tangu enzi za wakoloni, kulizuiwa Aprili hiyo hiyo kwa kizuizi cha kuingia na kutoka jijini, kwa hiyo mtu alifungiwa Nairobi na kodi yake.

Waliosalia na bima halisi ni wale waliokuwa na ndugu nje ya Kenya. Fedha zilizotumwa na Wakenya wa ng'ambo zilipanda kutoka dola bilioni 2.80 mwaka 2019 hadi bilioni 3.09 mwaka 2020, kinyume na matarajio ya wengi. Sehemu kubwa zaidi hutoka Marekani, ambako serikali iliwapa watu hundi na kuongeza dola 600 kwa wiki katika malipo ya wasio na kazi. Inawezekana kabisa kwamba hazina ya Washington ililipa kodi za nyumba Kayole kabla hazina ya Nairobi haijafika huko.

Wasiokuwa na ndugu huyo, wala hati, wala akiba, walifika chini kabisa. Mwisho wa Aprili 2020 nchi ilishtushwa na habari za mjane mmoja wa Mombasa, mama wa kufulia watu nguo, aliyeteleka mawe ili watoto wadhani chakula kinaiva walale. Michango ya wasamaria ilimfikia kwa simu haraka, na watu walisifu ukarimu. Ukarimu ulikuwa wa kweli. Lakini kazi yake ilikuwa imepotea kwa sababu waliompa nguo za kufua waliogopa mgeni mlangoni au walikuwa wamekatwa wenyewe, na hakuna ofisi iliyokuwa na wajibu wa kujua kwamba amekosa kazi.

Yaliyozaliwa, na gharama yake

Ni haki kutaja waliofaulu kugeuza mkondo. Kiwanda cha nguo cha Kitui kilihamia kwenye barakoa, Rivatex ya Eldoret vilevile, na mafundi cherehani wa mitaani wakapata msimu. Kando ya barabara kuu za kutoka Nairobi magari ya binafsi yaliegeshwa buti wazi, yamejaa mayai, parachichi, vitunguu na nanasi, na wauzaji walikuwa mameneja na maafisa wa mauzo wa juzi. Wapo ambao hawakurudi ofisini tena na hawajuti.

Lakini soko la mayai lina ukubwa wake. Kila buti lililofunguliwa lilichukua wateja wa mama mboga aliyekuwa hapo kabla ya korona, ambaye hana gari la kumfikisha shambani kununua kwa bei ya jumla. Aliyekuwa na mtaji kidogo alijiokoa kwa kumsogeza asiye nao. Huo ni mteremko ule ule, ngazi moja chini zaidi.

Kabla ya janga lijalo

Janga jingine litakuja, liwe ugonjwa, ukame au soko la nje kuporomoka. Waliokatwa 2020 walituachia ujuzi wa kutosha kujua kinachohitajika.

Cha kwanza ni mfuko wa bima ya kukosa kazi, uliojazwa kabla ya dhiki. Asilimia moja kwa mfanyakazi na moja kwa mwajiri, kama wafanyavyo Afrika Kusini, ni mzigo, hasa sasa ambapo hati ya mshahara ya Mkenya imejaa makato. Hata hivyo mfanyakazi wa shilingi 30,000 angechangia 300 kwa mwezi, na kukatwa mwezi mmoja tu wa 2020 kulimgharimu zaidi ya michango ya miaka mitatu. Mfuko huo ulipe pia saa zilizopunguzwa, usingoje mtu afutwe ndipo umtambue.

Cha pili ni sheria ya likizo bila malipo na saa zilizokatwa: ziwe na kikomo cha muda, ziandikwe, na stahili zote za mwisho zihesabiwe kwa mshahara wa kabla ya makato. Hilo halihitaji shilingi hata moja ya bajeti. Lingemzuia mwajiri mjanja kutumia janga kupunguza deni lake kwa mfanyakazi, na kumlinda mwajiri mwaminifu dhidi ya kesi.

Cha tatu ni orodha ya watu wa kipato cha kila siku, inayosasishwa wakati wa amani na kubandikwa wazi mtaani ili jirani aweze kuihoji. Nchi inayoweza kutuma pesa kwa mamilioni ya simu kwa dakika chache haina kisingizio cha kuanza kuandika majina baada ya njaa kuingia. Na afueni itakapotolewa iguse kodi ya nyumba na mikopo ya simu, kwa kuwa huko ndiko pesa ya mtu aliyekatwa inakoishia.

Kukatwa saa ni njia ya heshima ya kupita katika shida iwapo kazi itarudi na iwapo gharama imegawanywa. Mashamba ya maua yalionyesha sharti la kwanza linawezekana. La pili halikujaribiwa Kenya, kwa sababu kila aliyekuwa juu alipata wa chini wa kumwachia. Likibaki hivyo, tangazo lijalo la kafyu litakuwa pia tangazo la kodi mpya, itakayotozwa kwa kiwango cha juu kabisa kwa wanaofunga vibanda vyao saa kumi na moja.